Pipa la Miaka Mitano: Oili Iliyoharibika, Lakini Si kwa Uzee

Mahali na watu

Shule yenyewe ni ya bweni, ya binafsi, huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Sitasogea karibu zaidi ya hapo: majina nimeyaacha, na siku moja mbili nimezizungusha ili asitambulike mtu. Mimi ni fundi wa dizeli, nafundisha vijana, na huitwa pale gari au jenereta inapokuwa imewashinda wenzangu. Katika karakana zetu kila mtu ana lugha yake ya nyumbani, Kilugbara, Kinubi, Kialur, lakini injini tunaitengeneza kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ndivyo nilivyosimuliwa kisa hiki na wote waliohusika.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 shule ilinunua pipa zima la oili ya dizeli, lita 208, 15W-40 (namba za uzito wa oili), pamoja na makopo 6 ya lita tano tano ya oili hiyo hiyo kwa muuzaji yule yule. Pipa zima kwa shule moja halikuwa anasa. Wakati huo West Nile ilikuwa haijafikiwa na gridi ya taifa, na jenereta ndiyo iliyowasomesha watoto usiku. Palikuwa pia na basi dogo la Coaster, la dizeli ya silinda 6, inayomeza karibu lita 10 kila inapobadilishwa oili.

Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zikafungwa kwa sababu ya korona. Ukiacha vipindi ambavyo baadhi ya madarasa yaliitwa, milango haikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Stoo ikajazwa madawati na magodoro. Pipa, lililokuwa limeshatumika kama lita 70, likatolewa nje na kusimamishwa nyuma ya jiko, chini ya ncha ya bati. Makopo yakabaki rafuni, gizani. Coaster ikapandishwa juu ya matofali.

Watoto waliporudi, pesa zilikuwa chache. Basi likabaki juu ya matofali, jenereta ikawa inanunuliwa oili ya ndoo kidogo kidogo. Mwaka 2023 West Nile ikaunganishwa na gridi, jenereta ikageuka ya akiba. Pipa likasahauliwa, isipokuwa na mpishi, aliyeligeuza meza ya kuanikia sufuria.

Swali la mwalimu mkuu

Mapema 2025 shule ikaamua kulifufua basi. Mwalimu mkuu ni mtu makini. Alimwuliza dereva, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, kama oili ya pipa lile bado inafaa.

"Mwalimu, oili haiozi," mzee akamjibu. "Si maharage. Ilikaa ardhini miaka mingapi kabla ya kuchimbwa?"

Mwalimu hakuridhika. Akatafuta kwenye simu, akakuta kwamba makampuni mengi ya oili hutaja miaka 5 kwa chombo kilichofungwa na kuhifadhiwa mahali pakavu pasipo na joto kali, na mengine hutaja miaka 2 au 3 tu. Akahesabu vidole: 2020 hadi 2025. Mitano, haijapita. Vizibo vya pipa vilikuwa mahali pake, kwa hiyo akaona limefungwa. Akaruhusu.

Nataka msomaji aone kwamba hapa hapakuwa na uzembe. Aliuliza, akatafiti, akapata namba sahihi.

Siku za chai ya maziwa

Dereva alivuta oili kwa pampu ya mkono. Jagi la kwanza lilikuwa na ukungu kidogo. Akasema ni ubaridi wa asubuhi. Filta mpya, lita 10, injini ikawashwa, ikanguruma kama kawaida.

Siku ya tatu, akirudi kutoka mjini, taa ya presha ya oili ilianza kupepesa kila alipoachia pedali ya mafuta. Akaegesha, akazima, akavuta kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa chai ya maziwa. Alilofanya baadaye wengi wetu hatulifanyi: hakuiwasha tena, hata kwa kujaribu. Basi likavutwa hadi shuleni.

Fundi wa mtaa akaja, akasema gasketi ya hedi (kizibio kati ya kichwa cha injini na bloku) imekufa, maji ya radieta yanaingia kwenye oili. Alinipigia simu ili apate uhakika. Nami, nikiwa chini ya gari la mtu mwingine, nikamjibu bila kufikiri: "Oili nyeupe? Gasketi hiyo. Fungua." Sehemu hii ya kisa ni yangu, siwezi kumwachia yeye peke yake.

Hedi ikafunguliwa, ikapelekwa mjini kusawazishwa, gasketi mpya ikanunuliwa. Ile ya zamani haikuwa imeungua popote. Fundi aliliona hilo, lakini hedi ilikuwa imeshafika kwenye mashine na pesa imeshatoka, akanyamaza. Injini ikafungwa na kujazwa oili. Kutoka wapi? Pipa lile lile. Baada ya nusu saa ya kuunguruma, chai ya maziwa ikarudi.

Hapo kila mtu akawa na mshtakiwa wake. Fundi alisema bloku imepasuka. Mhasibu alisema waliuziwa oili feki, na alishajipanga kwenda kumkabili muuzaji, ambaye hakuwa ameonana nao tangu 2020. Tuhuma hiyo kwetu haishangazi, maana oili ya kuchakachua ipo sokoni. Ila lita 70 za kwanza za pipa hilo zilikuwa zimetumika kwenye jenereta na basi bila neno.

Niliyoyakuta

Nilipofika niliuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza kwenye simu: maji ya radieta yamepungua?

"Hapana, Fundi," dereva akasema. "Tangu tulipoanza sijaongeza hata kikombe."

Maji hayazaliwi ndani ya injini kwa kiasi hicho. Kama yameingia kwenye oili, kuna mahali yamepungua. Radieta imejaa, hakuna mapovu, hakuna moshi mweupe. (Ni kweli kwamba injini inayoendeshwa safari fupi fupi kwenye baridi huweza kuonyesha utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia, kutokana na jasho la injini. Lakini huo ni utando. Kijiti kizima hakigeuki maziwa, tena kwa joto la West Nile.) Nikaomba nionyeshwe pipa.

Sehemu ya juu ya pipa ina ukingo kama sinia, na siku hiyo sinia ilikuwa na maji ya sufuria. Kizibo kikubwa kilikuwepo, kimekazwa kwa mkono, mpira wake umekauka na kupasuka. Nilichukua mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, nikauteremsha wazi hadi chini kabisa, nikaziba ncha ya juu kwa kidole gumba na kuuvuta. Mrija ukatoka na habari yote. Chini kabisa sentimita 3 za maji yenye kutu. Juu yake tope jeupe-jeupe kama uji, unene wa kidole. Juu ya tope, oili yenye ukungu, na kadiri unavyopanda ndivyo ilivyozidi kung'aa. Ya juu kabisa ungeweza kuiuza.

Pipa la aina hiyo lina upana wa kama sentimita 57, kwa hiyo sentimita 3 ni lita 7 na nusu za maji. Nikapima bomba la pampu: lilikuwa linaishia sentimita 4 hivi kutoka chini, yaani ndani ya uji wenyewe.

Tukafanya jaribio la jiko. Kipande cha bati safi juu ya makaa hadi kipate moto wa kutosha, kisha kinatolewa mbali na moto, na tone moja la oili linadondoshwa. Oili kavu hutandaa kimya na kufuka kidogo. Oili yenye maji hutatarika na kutoa mapovu. Tone la katikati ya pipa lilitatarika. Hilo ni jaribio la kuvaa miwani na la tone moja, si kijiko, kwa kuwa huruka.

Kisha stoo. Makopo 6, lakiri hazijaguswa, umri sawa na wa pipa. Tulipolifungua moja, rangi ilikuwa ya asali, harufu ya kawaida, na kwenye bati kimya. Kulikuwa na ndoo ya lita 20 iliyofunguliwa 2022, kifuniko kimevunjika, ndani vumbi la unga na kinyesi cha mjusi. Na nyuma ya rafu kopo la bati la SAE 40, lakiri salama, kuukuu kuliko vyote, lenye daraja la CD, herufi zinazoonyesha oili ilitengenezewa injini za kizazi gani. Nadhani lilitoka kwa mwenye mashine ya kusaga aliyewahi kupangisha hapo.

Tulivyoamua

Pipa lilihukumiwa lote, na juu ya hili palikuwa na mabishano. Fundi alitaka tuvute lita 80 za juu, zile zinazong'aa. Kwa macho alikuwa na haki. Lakini bati lilishatuambia kuwa hata ya katikati ina maji, na oili ya injini hutiwa viungo vya kusafisha ambavyo hushikilia maji madogo madogo yakaelea ndani bila kutua. Mpishi alipendekeza tuichemshe maji yatoke. Nilikataa kwa sauti kubwa kidogo: oili yenye maji ikichemshwa hufura na kumwagika juu ya moto, na hata maji yakitoka, viungo vilivyokwisha kuharibiwa na maji havirudi.

Makopo 6 tuliyapitisha. Kila moja lilitikiswa vizuri kabla ya kumiminwa, maana chini palikuwa na utando mwembamba wa viungo vilivyotua. Ndoo ikaungana na pipa. Kopo la SAE 40 likapewa jirani ambaye bado anasagia mahindi kwa injini ya Lister ya kizamani.

Kwa basi tulimwaga oili, tukabadilisha filta, tukajaza oili ya bei nafuu, tukaunguruma dakika 15 bila safari, tukamwaga ikiwa ya moto. Tukarudia. Kabla ya kujaza kwa mara ya mwisho nilifungua karteri (beseni la oili chini ya injini) na kushusha beringi mbili za fimbo za pistoni. Zilikuwa zimepoteza mng'ao, ila hazikuchubuka. Shule haikuwa na pesa ya seti nzima. Tukazirudisha. Makopo mawili ya stoo yakajaza injini.

Matokeo

Kijiti kilibaki na rangi ya oili. Hasara ilikuwa kubwa kuliko bei ya oili: gasketi isiyohitajika, kusawazisha hedi isiyopinda, filta tatu, siku za fundi, na wiki mbili za kukodi gari. Oili mpya ya kujaza basi lile mara moja ingenunuliwa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Mhasibu hakwenda kwa muuzaji.

Uchambuzi: pipa hupumua

Watu wengi wakisikia oili imeingia maji huwaza tundu. Pipa hili halikuwa na tundu. Mchana, chuma chake kikipigwa na jua, hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka polepole kupitia nyuzi za kizibo. Jioni mvua ikishuka, chuma hupoa ghafla, hewa hujikunja, na pipa huvuta pumzi. Likivuta hewa, si neno. Lakini kama kizibo kimezama chini ya maji yaliyotuama kwenye sinia, litavuta maji.

Hesabu yake si ngumu. Pipa hili lilikuwa na kama lita 70 za hewa. Hewa hiyo ikipoa kutoka nyuzi 50 hadi 25, hupungua karibu lita 5. Na sentimita moja tu ya maji juu ya pipa lote ni lita 2 na nusu. Halihitaji kunywa yote. Vijiko viwili kwa jioni moja vinatosha, ukizingatia mvua za miezi mingi ya mwaka kwa miaka mitano, pamoja na sufuria za mpishi. Pipa lililojaa hupumua kidogo kwa sababu hewa yake ni chache. Lililopungua nusu ndilo lenye mapafu, nalo ndilo tunalolitupa nje kwa kuwa "limeshafunguliwa".

Maji ni mazito kuliko oili, huenda chini. Ndiyo maana jicho la juu halikusema kitu, na pampu iliyonywa chini ikanywa sumu. Huko chini maji huvunja viungo polepole, hasa vile vya zinki na fosforasi vinavyozuia chuma kusagana na chuma. Ule uji mweupe ni maji na oili vilivyovurugana, pamoja na mabaki yao.

Umri una kazi yake, lakini ndogo

Mzee hakukosea kuhusu ardhi. Mafuta ya msingi yakiwa gizani, bila hewa na bila maji, hubadilika polepole mno. Alichosahau ni kwamba oili ya dukani ni kama mchuzi: sehemu ya kumi hadi robo yake ni viungo, na hivyo havikutoka ardhini. Baadhi hutua chini baada ya miaka, hasa mahali pa joto na baridi za kupishana. Vingi vikitikiswa hurudi. Vikishaganda chini hadi kukwaruzwa kwa kijiti, liache kopo hilo. Joto nalo lina sheria ambayo mafundi huitumia kwa kukadiria: kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya oili kuchakaa kwa hewa huongezeka kama maradufu. Kopo la kivulini na kopo la chini ya bati la jua yanaweza kuwa na tarehe moja na umri tofauti.

Kwa hiyo ile miaka 5 ya mwalimu mkuu haikuwa uongo. Ilikuwa na masharti, nayo yalitimia kwenye rafu na kuvunjika nyuma ya jiko. Oili moja, duka moja, mwezi mmoja. Makopo yakapona, pipa likafa.

Kopo la SAE 40 lina somo lake. Lilikuwa halijaharibika hata kidogo, ila lilikuwa limepitwa. Daraja la CD lilianza mwaka 1955. CI-4 lilikuja 2002, CK-4 mwishoni mwa 2016, kila moja likitengenezewa injini zenye joto na masizi ya namna nyingine. Injini ya Lister inayozunguka polepole hairingi. Injini ya kisasa yenye tabo (turbo) ingelishwa oili safi kabisa isiyoifaa. Anayeuliza "imeharibika?" mara nyingi alipaswa kusoma herufi zilizo nyuma ya kopo kwanza.

Kosa la gasketi

Fundi na mimi tulijibu picha, hatukujibu swali. Oili nyeupe tumeiona mara nyingi, na mara nyingi ilikuwa gasketi kweli, kwa hiyo mkono ukaenda wenyewe. Lakini palikuwa na vituo vitatu vya kusimama kabla ya kutumia pesa. Radieta haikupungua. Gasketi ya zamani ilitoka nzima. Na tatizo lilianza siku tatu tu baada ya kubadilishwa oili na filta yake. Lolote kati ya hayo lingetosha. Kujaza tena kutoka pipa lile lile kulikuwa kosa, ingawa baadaye ndiko kulikotufungua macho: gasketi mpya kabisa, hedi imesawazishwa, ugonjwa ule ule.

Kilichookoa injini ni mzee kuizima pale pale na kutoiwasha. Beringi zinazofanya kazi kwa oili yenye maji hazisubiri mkutano wa bodi.

Pipa linalolazimika kukaa nje

Pipa lililojaa lilazwe ubavu juu ya mbao, vizibo viwili vikiwa usawa wa saa tatu na saa tisa kwa mishale ya saa, ili oili ivifunike kwa ndani na visipitishe hewa. Lililopunguka haliwezi kulazwa hivyo. Libaki wima, liinamishwe kwa kipande cha tofali upande mmoja, na ligeuzwe hadi vizibo vyote viwili viwe pembeni, si upande wa chini ambako maji yatakusanyika. Juu yake sinia iliyopinduliwa au turubai. Mpira wa kizibo ubadilishwe, na kizibo kikazwe kwa spana. Tarehe ya kufungua iandikwe kwa rangi kwenye pipa lenyewe, kwa sababu daftari la stoo huhama na watunza stoo. Na kabla ya kuvuta lita ya kwanza baada ya miezi ya kukaa, mrija ule wa plastiki uteremshwe hadi chini. Ukikosa mrija, omba kituo cha mafuta wakupakie kijiti kwa ile dawa yao inayogeuka rangi ikigusa maji. Ndiyo wanayopimia matangi yao.

Oili ya pipa bado ipo shuleni. Mafundi mbao walikuja kuiomba wapake nguzo dhidi ya mchwa, na mwalimu mkuu aliniuliza. Nilimwambia nguzo zao ziko karibu na kisima. Anasubiri gari la wakusanyaji wa oili chafu.

Basi linatembea. Taa ya presha haijapepesa tena. Nimewaomba wanirudishie ikifika kilomita 5,000 tushushe zile beringi mbili tuzione upya. Mara ya mwisho dereva aliponipigia walikuwa kwenye 3,200.